Goti Limeisha "Mafuta": Maswali Yenu Kuhusu Gegedu na Sindano za Stem Seli

Toka niandike toleo lililopita kuhusu maumivu ya magoti, meseji zenu zimenijaa mpaka nimeshindwa kujibu moja moja. Wengi mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: hizi stem seli, au seli shina kama wengine wanavyoziita, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ni dawa kweli au tunapigwa? Basi leo safu nzima ni hiyo. Nimechagua chache, majina nimeyaacha, na zilizokuwa ndefu nimezikata.

Dokta salaam. Mimi ni mstaafu wa miaka 63. Magoti yote mawili yananitesa mwaka wa sita huu, asubuhi yamekaza mpaka nizunguke zunguke ndani ndo yanalegea, na kushuka ngazi ni kubaya kuliko kupanda. Nilipiga eksirei nikaambiwa mafuta ya magoti yameisha, mifupa inasagana. Sasa kuna kliniki wanasema watanichoma stem seli gegedu liote upya, sindano 3 kila goti, na hela wanayotaka ni karibu akiba yangu yote. Watoto wamegawanyika, mmoja anasema nichome, mwingine hataki hata kusikia. Nifanyeje? – Mstaafu

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Kabla ya hela tuanze na hayo "mafuta", manake hapo ndo watu wengi wanapopotezwa.

Kilichopungua kwenye goti lako sio mafuta, ni gegedu. Ukitaka kuliona, shika mfupa wa paja la kuku, angalia kichwa chake pale ulipoungana na mwenzie, utaona kitu cheupe kinachong'aa, kinateleza ukikigusa, na ukikikwaruza na kisu kinatoka kama vipande vya plastiki laini. Ndo hilo. Kwenye goti la binadamu unene wake ni kama milimita 2 mpaka 4 tu sehemu nyingi, na humo ndani zaidi ya nusu ni maji. Ule ute unaolainisha kiungo ni kitu kingine kabisa, huo mara nyingi haujaisha wala nini, tena goti bovu likivimba unakuta ute umezidi.

Sasa shida ya gegedu ni kwamba halina mshipa wa damu hata mmoja, halina na mishipa ya fahamu. Ukijikata kidole damu inakuja na mafundi wake wote, kidonda kinafunga. Gegedu halina huo msafara. Seli zake zenyewe ni chache mno, kama asilimia 1 mpaka 5 tu ya ujazo wote, zimefungiwa kila moja kwenye kijumba chake, na chakula zinapata kwa kukamuliwa kama sponji, ukikanyaga maji yanatoka, ukinyanyua mguu yanarudi ndani na virutubisho. (Kwa hiyo mtu akikwambia ukae kitandani upumzishe magoti miezi 3, anakuumiza bila kujua.) Daktari mmoja wa Uingereza, William Hunter, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halijirekebishi, na mpaka leo hatujamkanusha vizuri. Tena mwaka 2016 watafiti wa Denmark walitumia kaboni iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 kupima umri wa gegedu la goti, wakakuta kolajeni yake, zile nyuzi zinazolishikilia, kwa mtu mzima hazibadilishwi. Ulizojenga ukiwa kijana ndo hizohizo unazotembelea leo.

Nimerefusha makusudi mzee wangu, kwa sababu mtu akikwambia atakuchoma sindano gegedu liote upya, ujue anaahidi kitu ambacho mwili wenyewe haujui kukifanya.

Je, sindano inafanya nini? Kwa kawaida wanatoboa mfupa wa kiuno pale juu ya nyonga, wanavuta uboho, au wanafyonza mafuta ya tumboni, wanazungusha kwenye mashine, wanachota ile sehemu iliyokolea na kuichoma gotini, mara nyingi siku hiyohiyo. Wanaita "stem seli" lakini kwenye huo uboho seli shina zenyewe ni kama moja katika seli 10,000, na mara nyingi ni pungufu ya hapo, nyingine zote ni seli za kawaida za damu na uboho. Na hata hizo chache hakuna anayeziongoza ziende zikakae kwenye gegedu.

Mwaka 2023 Marekani walitoa matokeo ya jaribio kubwa, wagonjwa zaidi ya 400 wenye magoti yaliyochakaa kama yako, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine uboho, wengine seli za mafuta, wengine seli za kitovu cha mtoto, wengine sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ile ya bei rahisi. Baada ya mwaka mmoja hakuna kundi la stem seli lililoishinda steroidi kwa maumivu, na picha za MRI hazikuonyesha gegedu jipya. Mwaka 2025 jopo la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyachambua, wakasema sindano hizi huenda zikapunguza maumivu kidogo, ila ushahidi wenyewe ni dhaifu, na kuhusu kuotesha gegedu hawakupata cha kushikika.

Kwa hiyo jibu langu: hiyo akiba usiitoe. Mtoto wako anayekataa yuko sahihi, ila mwambie asimgombeze mwenzie, nae anakutakia mema.

Badala yake fanya hivi. Kaa kwenye kiti kigumu, mikono ifunge kifuani, simama, halafu rudi kukaa taratibu ukihesabu mpaka 3. Mara 10, pumzika, rudia mara 3, siku 3 kwa wiki. Yakiuma kidogo yakatulia ndani ya siku moja ni sawa, yakiuma mpaka kesho kutwa umezidisha, punguza. Msuli wa paja ndo shokapu ya goti, ukiwa legelege mzigo wote unashuka kwenye gegedu. Mtaalamu wa fiziotherapia atakupangia mengine. Na kama una uzito wa ziada, kilo 1 ukiipunguza goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kila hatua unayopiga, hebu hesabu hatua zako za siku. Dawa ya kupaka ya kutuliza maumivu inasaidia pia na haichokozi tumbo kama za kumeza. Yote hayo yakishindwa kabisa, usingizi umekimbia, huwezi kutoka nje, hapo ongea na daktari wa mifupa kuhusu kubadilishiwa goti, upasuaji ambao umefanyika miaka mingi na matokeo yake tunayajua.

Halafu moja la mwisho mzee, eksirei haioni gegedu. Inaona mifupa na lile pengo katikati, daktari anakisia kutokana na pengo. Kuna watu picha zao zinatisha na wanatembea vizuri tu, na wengine picha safi lakini wanalia. Usiiogope ile picha kuliko unavyolisikiliza goti.

Dada yangu, kuna rafiki ananiuzia vidonge na juisi ya stem seli za tufaha, anasema ukinywa miezi 3 gegedu linarudi. Naomba ukweli. – Mama wa watatu

Ukweli ni kwamba seli ya tufaha ni ya tufaha. Haijui goti ni nini. Na hizo seli ukizimeza, tumbo linazisaga kama chakula kingine, hakuna seli inayovuka pale ikashuka mpaka magotini. Mwambie rafiki yako hapana kwa upole, najua ilivyo ngumu kumkatalia mtu wako wa karibu. Na kabla hujaniuliza, glukosamini, vile vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, nayo ilijaribiwa Marekani kwa watu zaidi ya 1,500, matokeo yalitoka 2006, kwa jumla haikukipita kidonge kitupu kisicho na dawa.

Mambo dokta. Mi nina miaka 26, nacheza mpira. Miezi 8 iliyopita nilijipinda goti, likavimba, MRI ikaonyesha kano ziko fresh ila kuna shimo kwenye gegedu la mfupa wa paja, kama sentimita 3 za mraba. Daktari wa kwanza anasema atanitoboa vitundu kwenye mfupa, wa pili anasema zipo njia za kukuza seli zangu mwenyewe maabara. Baba yangu kasoma mahali kwamba stem seli ni utapeli. Nimechanganyikiwa. – Namba 8

Poa kaka. Wewe na yule mstaafu hapo juu mnaonekana mna ugonjwa mmoja lakini sivyo kabisa, na baba yako hapo ndo alipojichanganya (mwambie simlaumu, kliniki nyingi zinachanganya makusudi).

Goti la mzee limechakaa lote, kama nguo iliyofuliwa miaka 40, ukitia kiraka kitambaa cha pembeni kinachanika. La kwako ni nguo mpya iliyotobolewa na msumari. Kiraka kina pa kushonea. Karibu tiba zote za gegedu zilizofanya kazi, zimefanya kwa watu wa aina yako, vijana wenye shimo moja lenye kingo nzima.

Hivyo vitundu vya daktari wa kwanza ni njia aliyoieneza daktari Richard Steadman wa Marekani kuanzia miaka ya 1980. Wanaingiza kamera gotini, wanasafisha shimo, wanatoboa mfupa wa chini vitundu vidogo vilivyoachana milimita chache, damu ya uboho inapanda, inaganda pale, na ndani ya miezi inageuka kuwa kitu kama gegedu. Nasema "kama", kwa sababu linaloota ni gegedu la kovu, dhaifu kuliko la asili na halitelezi vizuri, na kwa wengi linaanza kulegea baada ya miaka michache. Kwa shimo dogo, chini ya sentimita 2 za mraba, linafaa. La kwako limepita hapo, ndo maana nakushauri umsikilize sana daktari wa pili.

Anachosema yeye kilianzia Gothenburg, Uswidi, mgonjwa wa kwanza 1987, na ripoti ya wagonjwa 23 ikatoka 1994. Wanaingia na kamera mara ya kwanza wanachuna kipande kidogo cha gegedu lako pembeni, sehemu isiyobeba uzito, kinapelekwa maabara seli zinatolewa zinalishwa wiki kadhaa mpaka zinakuwa mamilioni, halafu unarudi mara ya pili goti linafunguliwa zinawekwa kwenye shimo. Siku hizi zinapandwa kabisa juu ya utando mwembamba unaokatwa kufuata umbo la shimo na kubandikwa na gundi maalumu. Marekani waliuidhinisha mwaka 2016, unaitwa MACI, na kwenye jaribio la mashimo ya sentimita 3 za mraba kwenda juu ulivishinda vile vitundu baada ya miaka 2. Ule utando umetengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe, kwa hiyo kama hilo kwako ni la kidini, uliza mapema, usije ukalijua ukiwa kitandani.

Ila angalia, hizi sio stem seli! Ni seli za gegedu zilizokomaa, za kwako mwenyewe. Ndo maana nasema majina yanawavuruga watu, kitu chenye ushahidi kinakaa kabati moja na kisicho nao na mlangoni wameandika "tiba ya seli".

Njia ya tatu ambayo hukuitaja ni kuchukua vijiti vya gegedu pamoja na mfupa wake kutoka pembeni na kuvipandikiza kwenye shimo kama vigae, daktari László Hangody wa Hungaria aliikuza hiyo miaka ya 1990. Nzuri kwa shimo dogo, ila unaazima sehemu moja kulipa nyingine.

Nisikudanganye kuhusu baada yake. Magongo wiki 6 mpaka 8, fiziotherapia miezi, na uwanjani usitegemee kabla ya mwaka. Wachezaji wengi wanaharibu hapo, mwezi wa 5 goti haliumi wanaona wamepona wanaenda mechi ya mchangani. Gegedu halina fahamu, halitakwambia kwamba bado bichi. Muulize pia daktari kama mguu wako umenyooka, manake mguu uliopinda unaweka uzito wote upande wa kiraka na kinang'oka.

Dokta wewe unabisha tu. Jirani yangu alikuwa hapandi ngazi, kachomwa hizo sindano, leo anatembea kuliko mimi. Utasema nini hapo? – Nimeona kwa macho

Nakuamini, na jirani yako namuamini. Kapata nafuu. Ninachouliza mimi ni nafuu hiyo imetoka wapi.

Maumivu ya goti yanapanda na kushuka kama maji ya bahari, na mtu haendi kuchoma sindano ya gharama siku anayojisikia vizuri, anaenda yakiwa kileleni. Yangeshuka hata bila sindano. Pili, sindano yenyewe ina nguvu yake hata ikiwa tupu. Australia mwaka 2021 walichukua watu 288, nusu wakachomwa ile PRP, damu yako mwenyewe iliyozungushwa, nusu wakachomwa maji ya chumvi, na hakuna aliyejua kapata nini. Baada ya mwaka, wa PRP maumivu yalishuka kwa pointi 2.1 kati ya 10. Wa maji ya chumvi? 1.8. Na gegedu likaendelea kupungua pande zote mbili. Nyuma ya hapo, mwaka 2002 kule Houston, wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa, baadhi wakafanyiwa usafi wa goti kwa kamera, wengine wakachanwa ngozi tu wakashonwa wakadanganywa kidogo na kelele za vyombo. Miaka 2 baadae hakuna tofauti! Mimi nilipoisoma ile mara ya kwanza nilikaa kimya muda, maana goti langu la kulia niliumia nikiwa chuo na nilisafishwa vilevile, na siku zote nilikuwa nawahadithia watu jinsi usafi ule ulivyonipa nafuu.

Kuna na uwezekano kwamba seli hizo zinatuliza uvimbe kidogo kwa kemikali zinazotoa. Profesa Arnold Caplan, ambaye ndo aliyezibatiza seli hizi za uboho na mafuta jina la stem seli za mezenkaima mwaka 1991, mwaka 2017 aliandika mwenyewe kwamba jina libadilishwe, kwa sababu kazi yao kubwa mwilini ni kutoa ishara za kikemikali na sio kugeuka kuwa tishu mpya. Baba wa jina kalikataa jina. Wauzaji hawajapata hiyo habari, au wameipata.

Mimi nimeshaamua kuchoma, sitaki kushawishiwa. Naomba tu niambie niwaulize nini hao watu wa kliniki. – Nimeshaamua

Sawa, goti ni lako. Waulize seli zinatoka wapi, kwako au kwa mtu mwingine, na nani kazipima. Mwaka 2018 Marekani watu 12 walipata maambukizi makali ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu, wakiwemo bakteria wa utumbo kama E. coli, na bakteria akiingia ndani ya kiungo gegedu linaliwa kwa siku, sio kwa miaka. Waulize mamlaka ya dawa imeidhinisha bidhaa hiyo kwa goti, au imesajili jengo tu, ni vitu viwili tofauti. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha stem seli yoyote kwa magoti, na mwezi wa 9 mwaka 2024 mahakama ya rufaa kule ikakubaliana nayo kwamba seli za mafuta zinazochakatwa kliniki zinahesabika kuwa dawa na lazima zipite njia ya dawa. Wakikutajia Korea Kusini, ni kweli kule kuna moja iliidhinishwa 2012, Cartistem, ya damu ya kitovu, lakini hiyo inawekwa kwa upasuaji kwenye shimo lililoandaliwa, sio sindano ya dakika 10.

Halafu waulize wamewahi kumkatalia nani. Daktari anayejua kazi yake ana orodha ndefu ya watu aliowarudisha nyumbani. Ukisikia wanatibu magoti, kisukari, macho na utasa kwa sindano hiyohiyo, chukua mkoba wako. Na kama ni utafiti kweli, kwa kawaida mshiriki halipishwi dawa inayojaribiwa.

Sindano ikishachomwa, goti likawa la moto, jekundu, limevimba na una homa, usiwapigie simu hao. Nenda hospitali usiku huohuo.

Dokta nina miaka 19, nikichuchumaa magoti yanalia ka ka ka. Gegedu ndo linaisha? – Mwanafunzi

Hayaumi? Hayavimbi? Hayakwami? Basi hapana, yaache yalie.